Shibiri Moja na Nusu

Nianze kwa kukiri mwenyewe, msije mkasikia kwa wengine mkadhani nimeficha: mimi ndiye yule bwana aliyekata kompyuta ya watu kwa msumeno wa chuma, sebuleni kwao, mtaa wa Kuze, siku aliyokwenda kusikiliza jibu la posa yake. Wako wanaosema kulitoka moshi. Waongo, moshi haukuwako.

Nilikuwa nimempeleka mshenga kwa kina Salma, na baba yake, Mzee Twahir, muuza leso wa Biashara Street, alisema jibu nitalipata Ijumaa baada ya alasiri, ami zake Salma wakiwapo. Sasa wiki ile ile kaka yake Salma, Nabil, alikuwa amenunua skrini ya michezo, zile zinazobadilisha picha mara mia na sitini na tano kwa sekunde, na kadi ya picha ndani ya kompyuta yake ilikuwa kuukuu, hata sitini haifiki, yaani ni mtu kununua sufuria ya pilau ya harusi kisha akachemshia chai ya mtu mmoja. Nikasema niachieni mimi, kadi nitaichagua na kuitia mwenyewe. (Natengeneza kompyuta, na sikuwa na jambo jingine la kumvutia Mzee.)

Nikauliza kasha la kompyuta lina nafasi gani ndani. Salma akaniandikia kwenye simu: "Baba amepima. Shibiri moja na nusu."

Dukani nilikuta kadi mbili, fupi ya feni mbili na ndefu ya feni tatu. Mwenye duka, Bwana Hasnain, akaniambia, "Kwa skrini hiyo hii fupi yatosha kabisa. Ukitaka ndefu, kasha umelipima?" Nikatandaza mkono juu ya ile ndefu, shibiri moja, na nusu, na nafasi ikabaki. "Nimepima," nikasema. Nilijua fupi inatosha, lakini ile ndefu ina taa.

Ijumaa nikaenda na kanzu mpya, kadi mkononi, na pete ya Salma mfukoni (ukubwa wake niliukisia kwa kidole changu cha mwisho, mnaanza kuniona nilivyo). Sebuleni walikuwapo Mzee, Nabil na ami wawili, kina mama nyuma ya pazia, na katikati sahani ya halwa na birika la kahawa. Nikafungua kasha mbele yao wote, nikatia kadi, kadi ikagoma. Ilizidi upana wa vidole vitatu.

Hapo mtu mwenye akili angesema samahani. Mimi nikasema, "Inaingia tu," nikang'oa kishikizo cha diski cha mbele, ikabaki kuzidi kidole kimoja, nikaomba msumeno. Nabil akaniletea. Nikakata chuma cha mbele cha kasha, ami wananitazama, unga wa chuma unaruka.

"Halwa ya leo ina lozi ngumu," akasema Ami Badi, akaendelea kutafuna, kwani ni mtu wa heshima.

Kadi ikaingia. Nikabonyeza swichi. Kimya. Nilikuwa nimekata na waya wa swichi.

"Ulipima, mwanangu?" Mzee akauliza.

"Nilipima, baba. Shibiri moja na nusu, kama ulivyosema."

"Lete mkono."

Akautandaza wake juu ya wangu, na ncha ya kidole chake ikaishia kwenye kifundo changu cha pili. Mkono ule nimeubusu kila Ijumaa tangu Ramadhani, na siku zote hizo sikuwahi kuona kwamba ni mdogo. "Dukani hupima kwa yadi," akasema taratibu. "Shibiri ni ya mwenyewe."

Nyuma ya pazia mtu akacheka. Kicheko nakijua, ni cha Salma. Ami mkubwa akasimama akasema yaliyobaki tutayazungumza siku nyingine, inshallah, na inshallah ya namna ile kila mtu wa Mombasa anaijua. Nikatoka naogopa, wallahi. Kadi hununuliwa nyingine, Salma ni mmoja.

Siku nne sikula nikashiba. Nilikwishatengeneza kompyuta ya Nabil, kwa kasha jipya na kadi ile fupi, na skrini ikaenda vizuri kuliko nilivyostahili. Siku ya tano mshenga akaniletea bahasha kutoka kwa Mzee. Ndani hamkuwa na barua, mlikuwa na uzi mwekundu tu, umefungwa kiduara, mdogo mno hata kidole changu cha mwisho haukupita.

Nikaupeleka kwa sonara pamoja na ile pete. Akauliza ukubwa gani. Nikamwekea uzi mezani, nikaitia mikono yangu yote miwili mfukoni.