Kioo cha Wapangaji Wote

Miaka ya sabini ikielekea ukingoni tulikuwa tukiishi chumba kimoja Kariobangi, na mwenye nyumba wetu alikuwa mcha Mungu wa kuigwa, isipokuwa siku ya mpangaji kuhama. Siku hiyo macho yake yalikuwa makali ghafla. Angeona tundu la msumari, angeona masizi, angenusa hata mafuta ya taa, na ile dipoziti uliyomwachia ulipoingia ingeyeyuka ukiangalia.

Mimi yangu niliihitaji. Tulikuwa tumejenga chumba chetu Dandora, kuta zimeshasimama, na hizo ndizo zilikuwa pesa za mabati. Bila hizo tungelala tukitazama nyota, na mvua ya masika haikuwa mbali. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali.

Nikasugua masizi ya jiko, nikapaka chokaa, matundu ya misumari nikayaziba kwa sabuni ya mche na kuyalainisha kwa kidole. Chumba kilipendeza mpaka nikajiuliza kwa nini nahama. Kikabaki kioo cha dirisha, chenye ufa toka pembe hadi pembe. Nilikikuta hivyo, lakini nani angenishuhudia?

Nikalalamika sokoni, na mama aliyeniuzia mboga ya sukuma kila siku akacheka hadi akashika kiuno. Kumbe aliwahi kuishi chumba kile kile, na alipohama alikatwa pesa za kioo hicho hicho. Aliyemfuata, mke wa karani wa reli, naye alikatwa. Nikawaomba wote wawili waje kunisaidia kubeba vyombo.

Mwenye nyumba alikuja kukagua, kofia mkononi. Alipapasa kuta, akakosa kasoro, kisha akasimama dirishani akiwa na huzuni kama aliyefiwa. Kioo, akasema, kilikuwa kizima nilipoingia.

Hapo wenzangu wakaingia. Hawakumgombeza yeye, waligombana wao kwa wao, kila mmoja akidai kioo ni chake kwa kuwa alikilipia. Muuza sukuma akatoa kisu chake cha mboga, akaanza kukwangua ule udongo mgumu unaoshika kioo kwenye fremu.

"Mama, sasa unafanya nini na dirisha yangu?" mwenye nyumba akauliza.

"Dirisha ni yako, mzee. Kioo ni yangu."

Nje majirani walikuwa wameshajaa mlangoni, na wengi wao walikuwa wapangaji wake. Mzee akawatazama, akatia mkono mfukoni, akanihesabia pesa zangu zote. Nilikwisha kuliona paa langu. Nikawaambia wenzangu basi, twendeni.

Kisu hakikuacha kukwangua.

"Wewe umepata yako," muuza sukuma akasema bila kugeuka. "Na sisi je?"

Niliona aibu. Nikaweka sufuria chini, nikaenda kumshikia kioo kisije kikadondoka.