Fundi wa Buyenzi asiyeingia chini ya lori bila kutaniwa

Saa mbili asubuhi, katika gereji moja ya mtaa wa Buyenzi, Tajudini Bakari amelala chali juu ya katoni iliyokunjuliwa. Kichwa kiko chini ya lori la Fuso, miguu iko juani. Anatakiwa kusogea zaidi, mpaka kifua chake kiwe chini kabisa ya giaboksi, lakini hasogei.

Pembeni, mwenzake Callixte Nduwimana amekwisha kuweka jeki chini ya giaboksi hiyo. Ameshika mpini, anasubiri. Hasemi neno.

Ukimya huo ndio unaomzuia Tajudini.

Mafundi hawa wawili wamefanya kazi pamoja kwa miaka kumi na moja. Tajudini, mwenye umri wa miaka 46, hufungua giaboksi za malori akiwa chini. Callixte huendesha jeki, ambayo hapa huitwa kriki, na kumpa vifaa. Giaboksi ya Fuso ina uzito unaopita kilo mia. Nati zikishatoka, kinachoizuia isimwangukie aliye chini ni jeki na mkono wa aliyeshika mpini.

"Ukiwa chini hauone mutu," anasema Tajudini. "Unaona tu kambambili zake. Sasa utajua aje kama mukono wake uko kwa kriki ao uko kwa simu?"

Jibu lake ni sauti. Callixte anapopampu jeki, pumzi hukatika na maneno hutoka vipande vipande. Mikono yake ikiwa huru, sentensi hurefuka. Kwa hiyo, kwa miaka yote hiyo, Callixte alisema bila kupumzika, na alichosema kilikuwa utani. Alimtania Tajudini kwa tumbo lake, kwa mkoromo wake, kwa timu yake ya mpira. Alimwita "shemeji", akidai amemwoa dada yake. Tajudini hana dada.

Tajudini naye alijibu kutoka chini. Kwa majibu hayo Callixte alijua kwamba aliye chini hajabanwa wala hajaishiwa nguvu.

Utaratibu huo ulikatika Machi mwaka huu. Giaboksi ikiwa imebaki na nati moja, mpira unaozuia mafuta ndani ya jeki ulipasuka. Giaboksi ilishuka ghafla na kuubana mkono wa kushoto wa Tajudini kwenye sakafu. Hospitalini vidole viwili, cha pete na kidogo, vilikatwa.

Wakati jeki inapasuka, Callixte alikuwa katikati ya sentensi. Alikuwa akisema kwamba giaboksi imekataa kushuka kwa sababu tumbo la shemeji limeziba njia.

Mwenye gereji, Hamimu, anasema jeki ilikuwa ya zamani na kwamba aliitupa wiki hiyohiyo. "Mupira ndiyo ulipasuka. Hata kama angekuwa anasoma dua, ungepasuka tu."

Lakini mtaani habari ilikwenda kwa namna nyingine: mafundi walikuwa wakicheza, mmoja akaumia. Mke wa Tajudini, Mwavita, alimwuliza Callixte mlangoni mwa hospitali kama kweli walikuwa wanacheka huku giaboksi iko juu ya mume wake. Callixte alijibu ndiyo, na Mwavita akamwambia kwamba kazi ya hatari haifanywi kwa utani.

Mwavita hajayafuta maneno hayo. "Mi nasema mpaka leo, kazi ya hatari ifanywe na kimya," anasema.

Callixte alimtii. Tajudini aliporudi kazini miezi mitatu baadaye, alimkuta mwenzake amekuwa mtu wa adabu. Alimsalimu kwa mikono miwili. Alimwita "muzee Tajudini". Tajudini alijaribu kumchokoza, akamwambia amenenepa wakati mwenzake anaumwa.

"Akaniambia, 'Ndiyo, muzee.' Nikajua hii kazi imekufa."

Siku hiyo aliingia chini, akakaa dakika chache, akatoka bila kufungua nati hata moja. Alijaribu pia na fundi mwingine, mtu anayesifiwa kwa umakini. Akatoka tena. "Ule anafanya kazi muzuri, ila ananyamaza sana. Nikiwa chini niliona kama niko peke yangu."

Tangu hapo Tajudini amekuwa akisafisha vipuri kwa petroli, kazi inayompa kama theluthi ya alichokuwa akipata. Ana watoto wanne, wawili wako sekondari. Callixte naye anasema jambo moja tu kuhusu ukimya wake: "Nilicheka, mutu akapoteza vidole. Nitacheka tena na uso gani?"

Jana Hamimu aliwaambia kwamba subira yake imefika mwisho. Fuso hii inabeba mizigo kwenda Gatumba, na mwenyewe anaitaka. Ikiwa Tajudini hataingia chini leo, kazi za giaboksi zitapewa watu wengine, na hazitarudi.

Ndiyo maana asubuhi hii mafundi wa magari ya jirani wamepunguza kelele za nyundo.

Tajudini anatoa mkono chini ya lori. "Kle ya kumi na saba," anasema, akitaka spana.

Yeye hutumia mkono wa kulia. Alioutoa ni wa kushoto.

Callixte anaichukua spana. Anautazama mkono ule wenye vidole vitatu, uliokunjuliwa mbele yake. Haiweki spana.

"Kumi na saba?" anasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Na we unahesabu mpaka munane?"

Hakuna anayecheka. Kisha chini ya lori kunasikika kikohozi, na kikohozi kinageuka kicheko.

"Na we mwenye uko na kumi, jana nati ine zilikushinda," Tajudini anajibu.

"Zilinishinda ju ulizifunga na hasira, shemeji."

Miguu iliyokuwa juani inaanza kuingia kivulini. Kufikia adhuhuri giaboksi iko chini, juu ya magunia, na Callixte amesema mfululizo mpaka sauti imekwaruza.

Akinawa kwa ajili ya sala, Tajudini anaulizwa kwa nini alitoa mkono wa kushoto. "Nilimupa kitu ya kusema," anasema. "Alikuwa anaogopa ule mukono. Akiuogopa, hataniangalia."

Mpango wake sasa ni kununua stendi ya chuma yenye miguu minne, itakayokaa chini ya giaboksi ili jeki ikishindwa, chuma kizuie. Fundi wa kuchomelea ameomba faranga laki tatu. Sharti la stendi limetoka kwa Mwavita, na Callixte amesema atalipa nusu.

Je, kutaka stendi si dalili kwamba bado ana shaka na mwenzake?

"Callixte namuamini," anasema Tajudini, akikung'uta maji mikononi. "Mwenye simuamini ni kriki."

Callixte, anayekusanya vifaa, hainui kichwa. "Andika pia kama nalipa nusu ju ni mahari ya dada yake."