Kuku wangu kamrudisha mchinjaji mara ya tatu

Jamani, nimechoka. Kuku wangu hafi, haponi.

Ni mzee, anaumwa wiki ya pili sasa, namnywesha maji ya shubiri kwa kijiko. Leo shingo ikalegea kabisa. Nikaogopa atakufa kibudu tukose hata mchuzi, nikampigia babu anayetuchinjia hapa Kilole.

Mara ya tatu hiyo. Msicheke.

Babu kaja kwa miguu, jua la saa saba. Kisu kakinoa, kuku kamlaza kuelekea kibla.

Kuku kasimama! Kajikung'uta, kaenda zake kunywa maji.

Babu kakaa kwenye ndoo, kafuta jasho.

"Mjukuu wangu, usiniite tena. Nitakuwa napita mwenyewe kumjulia hali."

Kwa hiyo nina mgonjwa, na nina mgeni wa kumtazama mgonjwa.

Mwenye sukari ya chai anisaidie.