Shemeji yangu, Kingereza na mukia ya kuku

Leo shemeji yangu ameniita mukia mbele ya watu, na yeye mwenyewe hakujua.

Ni mume wa dada yangu Zaina, kule Kibenga. Tangu aanze kozi ya Kingereza, anasalimia hata mbuzi "good morning".

Tuko mezani, tunakula kuku. Anasema: "Kifaransa imekufa. Kingereza ni lugha safi, haikopi kwa mutu."

Mi nikasema Kifaransa bado nakipenda.

"We ni coward."

Muoga, eti. Nyinyi mungenyamaza?

Nikafungua simu, nikamsomea. Hiyo coward Waingereza waliitoa kwa Wafaransa, kwenye neno la zamani la mukia. Muoga ni mutu wa kukimbia, unamuona mukia tu.

"Na hiyo pen mufukoni mwako, shemeji, maana yake ya zamani ni unyoya. Nayo ilipitia kwa Wafaransa."

Akaanza kukohoa. Eti pilipili.

Sasa, kwetu firigisi ya kuku ni ya mume, hakuna anayeigusa. Dada Zaina akaiweka kwenye sahani yangu. Halafu akachukua mukia, akampa mume wake taratibu.

"Kula, baba Hamadi. Hii nayo ni Kingereza."