Wajapani Ndani ya Begi la Sellah

Kwa Bosi Fahad, huko Riyadh, Sellah alipika, akafua na kulea bila shida. Kazi moja tu ilimtia hofu: kupangusa kabati la vioo la sebuleni. Humo walisimama askari wadogo wa bati, urefu wa kidole, jeshi la miguu la Japani la zamani: makoti ya buluu iliyokolea, kofia zenye utepe mwekundu, bunduki zenye singe. Bosi aliwaagiza kutoka mbali na kuwapaka rangi mwenyewe kwa brashi nyembamba.

Kisha bosi akapata kazi bandarini Jeddah. Nyumba waliyopata mtaa wa Al-Nuzha ilikuwa ndogo, na mkewe, Madam Nouf, akasema halas, basi, bati lote liuzwe. Kabati likabaki tupu. Bosi akaapa kwamba ameuza wote.

Siku ya kufunga mizigo, Sellah aligusa soksi yake ndani ya begi, chini kabisa, akaiona nzito. Akaikung'uta kitandani. Wajapani wakadondoka.

Nani ameingia chumbani kwake? Akamfikiria madam. Mkataba ulikuwa ukingoni, na tangu Sellah aseme anataka kurudi kwao Vihiga, Kenya, madam alikuwa amenuna. Juzi tu alimsimulia, akimkazia macho, jinsi mfanyakazi wa jirani alivyokutwa na pete akapelekwa polisi.

Alimpigia binamu yake Elphas, dereva huko Jeddah.

"Piga picha vile ulivyowakuta," Elphas akamwambia.

"Nishawamwaga."

"Basi usiwarudishe kimyakimya. Ukionekana nao mkononi, wewe ndiye mwizi."

"Na nikikaa nao?"

"Hapo pia ni shida."

Akawarudisha ndani ya soksi, akasafiri na begi magotini. Njiani bosi alilitazama begi lile kwenye kioo cha gari, akaangalia pembeni, akalitazama tena. Madam naye akampa juisi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Sellah aliishika bila kuinywa. Wamepanga wote wawili, akawaza.

Walipofika Al-Nuzha, kabla hata ya kushusha mazulia, madam akasema, "Sellah, fungua begi. Sioni chaja yangu."

"Mwache, amechoka," bosi akadakia haraka.

Sellah alilifungua mwenyewe, akamimina askari sakafuni. Kwa Kiarabu chake cha jikoni akasema, "Madam, hawa niliwakuta kwenye soksi yangu. Sikuwaweka mimi. Ukitaka polisi, waite, lakini kwanza niambie nani aliingia chumbani kwangu."

Madam aliwatazama askari, halafu mumewe. Masikio ya bosi yalikuwa yameiva.

"Ni mimi," akamwambia mkewe. "Hawa sikuweza kuwauza. Nilidhani humo hutaangalia."

Madam akacheka, peke yake.

"Na madam angeangalia, bosi?" Sellah akauliza. "Ningesema nini, nani angeniamini?"

"Hilo sikulifikiria." Alilitamka kama mtu aliyesahau kununua mkate. Kisha akapiga magoti, akaanza kuwaokota, akikagua kama kuna bunduki iliyopinda.

Jioni ile Elphas alipiga simu, akasikia yote, akashusha pumzi. "Kumbe madam wa watu tulimsingizia bure."

"Sijui, Elphas. Nilipotoa vitu garini niliikuta chaja yake. Alikuwa akichajia simu yake nayo njia nzima, mimi nikimwona. Sasa kwenye begi langu alikuwa akitafuta nini?"

Wiki hiyo Sellah alimtuma Elphas amnunulie kufuli. Alilifunga begi, ufunguo akauvaa shingoni kwa uzi, na hakuuvua hadi mkataba ulipoisha na ndege ikamshusha Nairobi.