Aliyechora na Waliojenga

Usiku ule wa kuamkia sikukuu ya kanisa letu nililala na karatasi kando ya mto wa kitanda. Mchungaji alinipa kazi ya kusoma historia mbele ya watu, nami, mtu wa darasa la saba, nikahangaika nayo wiki tatu: maisha ya yule mzungu wa zamani, msanifu, aliyejenga makanisa saba huku milimani akizunguka na punda wake, Roza.

Babu, aliyefariki nikiwa kijana, akaja na koti lake la mvua. Hakunisalimu. Alinishika mkono, tukawa ndani ya kanisa, ila kuta zimefika kiunoni tu na jua linatuchoma. Juu ya jukwaa la miti kuna mtu anagonga mawe, ametugeuzia mgongo.

"Soma," Babu anasema.

Nasoma: "Alijenga makanisa saba."

"Nani?"

Namwonyesha mzungu, ameketi juu ya sanduku na rula yake.

"Huyo? Hata karai la udongo hakuinua! Yule pale juu ni baba yangu. Anaitwa nani?"

Natafuta kwenye karatasi; jina hilo halimo.

"Jina la punda unalijua!"

Nami nikapandwa na hasira, nikamgeukia mzungu. "Kwa nini hukuandika majina yao?"

Nimpe haki yake: hakukwepa. "Hilo ni kosa langu. Lakini sikuandika popote kwamba nilijenga. Nilichora. Neno hilo ni lako."

Yule wa juu akaacha kugonga. Hakugeuka. Ukimya ule ndio ulioniamsha.

Sijui kama ndoto ni ushahidi. Labda yalikuwa maharage ya jioni. Lakini hasira niliyoamka nayo haikuwa juu ya mzungu tena. Ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nikakata "alijenga", nikaandika "alichora", maana alichora vizuri na mnara umesimama hadi leo. Chini yake nikaanza: "Waliojenga ni..." Kalamu ikakwama.

Kulipopambazuka nikaenda kwa shangazi, binti mkubwa wa Babu, nikamkuta anachochea moto.

"Shikamoo, shangazi. Baba yake Babu aliitwa nani, yeye na wenzake waliojenga kanisa?"

"Marahaba. Mvi zote hizo, ndiyo unauliza leo?" Akaniangalia kwa ukali, akanisukumia kigoda kwa mguu. "Kaa uandike. Walikuwa tisa."