Makopo ya Rangi Barazani

Hivi wewe ukiamriwa kutupa ulichokiotesha mwenyewe, utatupa?

Juzi nilipanga foleni kwenye ofisi moja hapa Same. Barazani, mama wa usafi amepanga makopo ya rangi yenye mishubiri na mimea mingine ya majani manene, ile isiyojali jua letu. Mkuu wa ofisi akatoka, tai shingoni.

"Mama, kesho tuna wageni. Huu uchafu utoke."

"Hujanisalimia."

"Shikamoo. Utoke."

"Marahaba. Hautoki."

Akainua kopo, akatuonyesha sote kovu la tawi lililovunjwa. "Kama ni uchafu, mbona kuna mtu anauiba? Tena hajui kupanda. Kipande kinakaa kivulini siku kadhaa, kidonda kikauke kwanza. Maji kidogo tu."

Foleni ikacheka. Sisi tuliosoma, kopo kwetu ni takataka mpaka tulikute hotelini limepakwa rangi.

Mkuu hakucheka. Alikuwa anaangalia kovu lile, akilegeza tai.

"Siku kadhaa?" akauliza taratibu. "Mama, mimi nilivipanda siku ileile nilipovichukua, nikavimwagilia asubuhi na jioni kama mchicha. Vimeoza vyote."